Kupamba skrini kwa lugha ya KV: kutoka kitufe cha kijivu hadi programu inayosomeka mwaloni

Ukishajifunza Python kidogo na kuijaribu Kivy, maktaba ya Python ya kutengeneza programu zenye skrini, unakutana na kitufe kile cha kijivu chenye maandishi meupe kwenye skrini nyeusi. Ndivyo kila kitufe cha Kivy kinavyoanza. Kinafanya kazi, lakini kipeleke mwalo wa Kibirizi saa sita mchana, umpe mchuuzi aliyetoka kupanga dagaa, naye hataona kimeandikwa nini. Vijana wengi hapa Kigoma wanaandika hesabu nzuri za programu kisha wanaiacha sura yake hivyo hivyo, na mtumiaji anairudisha simu kwa adabu na kuendelea na daftari lake.

Tutashughulika na skrini moja tu: mchuuzi anaandika jina la aliyemuuzia, aina ya samaki (dagaa, migebuka au kuhe), kilo na bei, kisha anahifadhi au anafuta. Naamini kila uamuzi wa mwonekano unapaswa kuandikwa mara moja, mahali pamoja, kwa jina la kazi yake. Ukilishika hilo, yaliyobaki ni maelezo.

Nachukulia kwamba Kivy 2 au toleo jipya zaidi liko kwenye kompyuta yako, na programu rahisi inafunguka.

Hatua ya 1: Weka faili mahali pake

Lugha ya KV ndiyo lugha ya Kivy ya kuandikia sura ya programu: inaeleza kitu kiweje, haielezi hatua za kukifikisha huko. Ukiandika kwamba rangi ya kitufe inatoka kwenye sifa fulani (property, yaani thamani yenye jina), Kivy inaifuatilia sifa hiyo yenyewe. Ikibadilika, kitufe nacho kinabadilika bila wewe kuandika mstari mwingine. Kwa sababu hiyo, mambo ya sura yote yakae kwenye faili la KV, na hesabu zibaki kwenye Python.

Jina la faili lina sheria. Darasa likiitwa `MwaloApp`, Kivy inaondoa neno App mwishoni, inageuza herufi kuwa ndogo na kutafuta `mwalo.kv` kwenye folda ileile. Ukikosea jina hutapewa onyo, utaona skrini nyeusi tupu. Wanafunzi wengi wanapoteza jioni nzima hapo, kwa hiyo ukiona weusi, angalia jina la faili kabla ya kingine chochote.

Nafasi za mwanzo wa mstari nazo zina uzito. Ukianza na nafasi 4, ngazi zote zifuate vizidishio vya 4, na usichanganye na tabu.

Hatua ya 2: Zipe rangi majina ya kazi zake

Usiandike namba za rangi ndani ya kila kitufe. Ziweke kwenye programu yenyewe, kama sifa:

```
from kivy.app import App
from kivy.uix.button import Button
from kivy.properties import ColorProperty

class Kitufe(Button):
    rangi = ColorProperty('#0B5C7A')

class MwaloApp(App):
    rangi_kuu = ColorProperty('#0B5C7A')
    rangi_hatari = ColorProperty('#A32020')
    rangi_karatasi = ColorProperty('#FFFFFF')
    rangi_wino = ColorProperty('#14202B')

if __name__ == '__main__':
    MwaloApp().run()
```

Nimeandika `rangi_kuu`, sikuandika `rangi_ya_bluu`. Mwenye programu akitaka kijani kesho, jina litabaki la kweli. `rangi_hatari` ni ya kufuta na kughairi, basi. `rangi_karatasi` ni ya sehemu ya nyuma, na `rangi_wino` ni ya maandishi. Rangi nne zinaitosha programu kama hii. Ukifika ya saba, jiulize kama mtumiaji anaiona tofauti yake.

Kuhusu kuzichagua: mwongozo wa kimataifa wa WCAG, wa kufanya maudhui ya mtandaoni yafikiwe na watu wote, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na sehemu ya nyuma kwa angalau 4.5 kwa 1, na maandishi makubwa 3 kwa 1. Rangi ya kuu na ya hatari hapo juu, zikiwa na maandishi meupe juu yake, zote zinapita 7 kwa 1. Mwaloni usiridhike na kiwango cha chini. Mwanga wa juu na ule unaorudishwa na maji unakula tofauti hiyo, na maandishi yaliyosomeka vizuri ofisini yanapotea. Maandishi meupe juu ya manjano au chungwa hafifu yaache kabisa, hata kama nembo ya mteja ina rangi hizo.

Hatua ya 3: Karatasi na lebo

Sasa fungua `mwalo.kv`. Tuanze na maandishi ya kawaida:

```
<Lebo@Label>:
    color: app.rangi_wino
    font_size: sp(18)
    size_hint_y: None
    height: self.texture_size[1]
    text_size: self.width, None
    halign: 'left'
```

Alama ya `@` inasema: tengeneza aina mpya iitwayo Lebo, itokane na Label ya Kivy. Mistari mitatu ya mwisho pamoja na `size_hint_y` ni ya kuinakili kama ilivyo. Bila `text_size`, maneno marefu hayakunjwi, yanatoka nje ya skrini, na `halign` haifanyi kazi ionekane. Kwa mistari hii, lebo inakunja maneno kwa upana wake kisha inarefuka kadiri ya mistari iliyopatikana. Kiswahili chetu kinahitaji nafasi: "Bei ya kilo moja" haiingii palipopimwa kwa neno moja fupi.

Ukubwa wa maandishi tumia `sp`, vipimo vingine tumia `dp`. Pikseli tupu usizitumie. Kipimo cha `dp` 1 ni sawa na pikseli 1 kwenye skrini ya nukta 160 kwa inchi, na kwenye skrini yenye nukta nyingi zaidi kinakua kwa uwiano huo, hivyo kitufe kinabaki na ukubwa uleule mkononi. `sp` inaongeza jambo moja: inafuata ukubwa wa maandishi ambao mwenye simu amejiwekea. Wazee wengi wameshakuziwa maandishi na watoto wao kwenye simu. Ukiandika kwa pikseli unawafutia msaada huo.

Lebo inatumia `rangi_wino` na karatasi inatumia `rangi_karatasi`. Karatasi tutaichora kwenye hatua ya 6, tukikusanya skrini.

Hatua ya 4: Kitufe, penye kazi kubwa

Hapa tuende polepole, maana ndipo wengi wanapoichoka Kivy.

Jaribio la kwanza la kila mtu ni kuandika `background_color` na rangi anayoitaka. Anaweka bluu safi, anapata bluu iliyofifia, chafu. Sababu yake ni kwamba kitufe cha Kivy kimechorwa kwa picha ya kijivu, na rangi unayoweka inazidishwa na picha hiyo. Kijivu mara bluu ni bluu yenye giza. Ukitaka kitufe cha pembe nne kisicho na mapambo, andika `background_normal: ''` ili uondoe picha, na rangi yako itatokea kama ulivyoiandika. Sisi tunataka kona za mviringo, kwa hiyo tunaificha picha yote na kuchora wenyewe:

```
<Kitufe>:
    rangi: app.rangi_kuu
    background_color: 0, 0, 0, 0
    color: 1, 1, 1, 1
    disabled_color: 1, 1, 1, 1
    bold: True
    font_size: sp(18)
    size_hint_y: None
    height: dp(56)
    opacity: .4 if self.disabled else 1
    canvas.before:
        Color:
            rgba: self.rangi
        RoundedRectangle:
            pos: self.pos
            size: self.size
            radius: [dp(8)]
        Color:
            rgba: 0, 0, 0, (.3 if self.state == 'down' else 0)
        RoundedRectangle:
            pos: self.pos
            size: self.size
            radius: [dp(8)]
```

Namba ya nne kwenye rangi ni uzito wake: 0 haionekani, 1 imejaa. Kwa hiyo `0, 0, 0, 0` inaificha ile picha ya kijivu, iwe kitufe kimebonyezwa au hakijabonyezwa.

`canvas.before` ni mchoro unaotangulia maandishi. Tumechora maumbo mawili ya ukubwa mmoja. La chini lina rangi ya kitufe. La juu ni kivuli cheusi kisichoonekana, ambacho kidole kikigusa kinapata uzito wa asilimia 30. Kivuli hiki kinafaa rangi yoyote, huhitaji kuchagua "bluu ya kubonyezwa" na "nyekundu ya kubonyezwa". Maandishi yako juu ya vyote viwili, yanabaki meupe.

Usiiache hali ya kubonyezwa ukidhani ni pambo. Mtandao ukiwa mzito, mtu akibonyeza "Hifadhi" asione badiliko lolote, anabonyeza tena, na mzigo mmoja wa dagaa unaandikwa mara mbili. Swali la mama mchuuzi huwa moja: "Mwanangu, kimepokea au bado?" Kitufe kimjibu papo hapo. Kisha, kazi ya kuhifadhi ikiwa inaendelea, weka `disabled: True`, mstari wa `opacity` utakififisha wenyewe na vidole havitakiamsha.

Urefu wa `dp(56)` una sababu. Miongozo ya Android inapendekeza sehemu ya kugusa isipungue dp 48. Dp 56 ni karibu milimita 9 kwenye skrini. Mkono uliolowa, wenye magamba, haulengi vizuri. Hizo dp 8 za nyongeza utazishukuru.

Mbona `rangi` tuliitangaza kule Python, wakati KV inaruhusu kubuni sifa mpya humu humu? Kwa sababu KV inajenga mchoro kabla ya kuzipa sifa thamani zake. Sifa iliyobuniwa ndani ya KV kwa kutegemea `app` inaanza ikiwa tupu, mchoro unaiomba rangi unakosa, na programu inaanguka kabla skrini haijafunguka. Ikitangazwa kwa `ColorProperty` yenye rangi ya kuanzia, inakuwa na thamani tangu mwanzo.

Sasa kitufe cha kufuta:

```
<KitufeHatari@Kitufe>:
    -rangi: app.rangi_hatari
```

Mstari mmoja tu, na kila kitu kingine kinarithiwa. Ila kitazame kile kistari kabla ya `rangi`. Bila hicho, kanuni ya Kitufe (yale tuliyoandika chini ya jina lake kwenye KV) inabaki hai pembeni: siku `rangi_kuu` ikibadilika programu ikiwa inaendelea, inakirudia kitufe cha kufuta na kukipaka rangi ya kuhifadhi. Mtu anaona bluu, anabonyeza kwa imani, hesabu za asubuhi zinafutika. Kistari kinaikata kanuni ya mwanzo kwenye sifa hiyo peke yake. Na kanuni ya `<Kitufe>` lazima iandikwe juu, `<KitufeHatari@Kitufe>` ifuate chini, kwa kuwa Kivy inazitekeleza kwa mpangilio wa faili.

Rangi nyekundu peke yake haitoshi. Wapo wanaume na wanawake wasioitofautisha nyekundu na rangi nyingine, na juani hata wenye macho mazima wanasitasita. Neno liseme tendo kamili: "Futa mzigo huu". "Sawa" haimwambii mtu kitu.

Hatua ya 5: Kisanduku cha kuandikia

```
<Kisanduku@TextInput>:
    multiline: False
    font_size: sp(20)
    size_hint_y: None
    height: dp(56)
    padding: dp(12), dp(14)
    background_normal: ''
    background_active: ''
    background_color: app.rangi_karatasi
    foreground_color: app.rangi_wino
    cursor_color: app.rangi_wino
    canvas.after:
        Color:
            rgba: app.rangi_kuu if self.focus else app.rangi_wino
        Line:
            rounded_rectangle: self.x, self.y, self.width, self.height, dp(8)
            width: dp(2) if self.focus else dp(1)
```

Mpaka tumeuchora kwenye `canvas.after`, tofauti na kitufe, na usiuhamishe. TextInput inapaka maandishi yake kwa rangi ya mwisho iliyowekwa kwenye `canvas.before`. Ukiongeza rangi yako pale, unachoandika kinageuka rangi ya mpaka, na `foreground_color` inaonekana kama imekufa.

Mpaka unanenepa mtu akiwa ndani ya kisanduku, ili ajue anaandika kilo au bei. Visanduku vya namba viongezee `input_filter: 'float'` vikatae herufi, na `input_type: 'number'` ili simu ilete kibodi ya namba. Hayo yakae kwenye aina yake:

```
<KisandukuNamba@Kisanduku>:
    input_filter: 'float'
    input_type: 'number'
```

Hatua ya 6: Kusanya skrini

Ukifika hapa, skrini yenyewe ni orodha tu, haina namba za rangi wala kipimo cha maandishi:

```
BoxLayout:
    orientation: 'vertical'
    padding: dp(16)
    spacing: dp(12)
    canvas.before:
        Color:
            rgba: app.rangi_karatasi
        Rectangle:
            pos: self.pos
            size: self.size
    Lebo:
        text: 'Jina la aliyeuza'
    Kisanduku:
    Lebo:
        text: 'Aina ya samaki'
    Kisanduku:
    Lebo:
        text: 'Kilo'
    KisandukuNamba:
    Lebo:
        text: 'Bei ya kilo moja'
    KisandukuNamba:
    Kitufe:
        text: 'Hifadhi mzigo'
    Widget:
    KitufeHatari:
        text: 'Futa mzigo huu'
```

Ile `Widget` tupu inakula nafasi iliyobaki na kukisukuma kitufe cha kufuta hadi chini kabisa, mbali na cha kuhifadhi. Skrini fupi haitakuwa na nafasi hiyo. Kwa simu ndogo weka yote ndani ya `ScrollView`, inayomruhusu mtu kusogeza skrini juu na chini, na umpe mpangilio (ile `BoxLayout`) urefu wake kwa `height: self.minimum_height`, huku `size_hint_y` ikiwa `None`. Hapo `Widget` tupu mpe urefu maalumu, tuseme `dp(48)` na `size_hint_y: None`.

Skrini zikiwa nyingi, hamisha kanuni zote zenye alama za `<` na `>` ziende faili la `mitindo.kv`, na juu kabisa ya `mwalo.kv` andika `#:include mitindo.kv`.

Hatua ya 7: Seti ya usiku

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na mitumbwi hurudi kunakucha. Biashara inaanza bado kuna giza, na karatasi nyeupe iliyowaka kikamilifu inamchoma macho mtu aliyekuwa gizani. Saa nne baadaye hiyohiyo nyeupe ndiyo inayosomeka. Kwa hiyo programu ya mwaloni inahitaji seti mbili, na kwa kuwa rangi zetu zinakaa mahali pamoja, kazi ni ndogo. Ongeza ndani ya `MwaloApp`:

```
    def usiku(self):
        self.rangi_karatasi = '#14202B'
        self.rangi_wino = '#F2F2F2'
        self.rangi_kuu = '#1F6F8F'

    def mchana(self):
        self.rangi_karatasi = '#FFFFFF'
        self.rangi_wino = '#14202B'
        self.rangi_kuu = '#0B5C7A'
```

Kisha kitufe chochote kiite kwa `on_release: app.usiku()`. Karatasi, lebo, visanduku na vitufe vinageuka kwa pamoja, bila kuifungua skrini upya. Usiibadilishe programu kwa saa ya simu peke yake. Mwenye kazi akiwa ndani ya banda lenye kiza mchana, aachiwe achague mwenyewe.

Hatua ya 8: Ijaribu kwenye simu, nje

Kioo cha kompyuta kinasifia kila kitu. Jenga faili la Android kwa Buildozer, zana inayogeuza programu ya Python kuwa ya simu, liweke kwenye simu ya kawaida, siyo ile bora ya ofisi, kisha toka nayo nje juani mwangaza wa skrini ukiwa nusu, maana wengi hupunguza mwangaza kutunza chaji. Lowesha kidole, ujaze mzigo mzima. Nenda kwenye mipangilio ya simu, ukuze maandishi hadi mwisho, uifungue programu tena: lebo zirefuke, maneno ya vitufe yasikatwe. Yakikatwa, ongeza kwenye kanuni ya `<Kitufe>` mistari hii miwili, `text_size: self.width - dp(16), None` na `halign: 'center'`, na badala ya urefu uliofungwa andika `height: max(dp(56), self.texture_size[1] + dp(20))`.

Rekebisha kwenye kanuni, usirekebishe kwenye skrini. Ukijikuta unaandika rangi au `font_size` ndani ya kitufe kimoja kule chini, simama, urudi juu ukaipe hali hiyo jina.